Vita vya Jikoni kwa Fundi

Wateja walimwita Fundi, na jina likamkaa. Cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba, dirisha likitazama barabara, na viuno vya nusu ya mtaa vilikuwa vimeshapita mikononi mwake. Alijua nani amenenepa baada ya harusi, nani amekonda kwa mawazo, na nani huvuta tumbo ndani akipimwa halafu akarudi kulalamika kwamba suruali inabana. Yote hayo aliyafungia kifuani, maana fundi akianza kuropoka kuhusu matumbo ya watu, wateja wanahama.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la kokoto. Wenzake walimwita Bonge, naye alilibeba jina hilo kwa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo. Kutwa alikaa nyuma ya usukani. Mchana alikula chipsi na soda palepale kitini, na jioni akirudi nyumbani alipakuliwa mlima wa wali, akauteremsha wote, akaomba wa kuongezea, kisha akasinzia kwenye kochi huku redio ikizungumza peke yake.

Siku moja, alipokuwa akishuka kutoka kwenye lori, kizunguzungu kikamshika. Akaanguka kama gunia. Wenzake wakamkimbiza zahanati, na Fundi alipopata habari aliacha sindano katikati ya mshono, akatoka mbio na utepe wake wa kupimia ukining'inia shingoni.

Alimkuta mumewe ameketi kitandani, anajitahidi kutabasamu. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa anamfungua kipimo mkononi.

"Presha imepanda, na sukari nayo inaelekea kubaya," muuguzi alisema. "Daktari amemwandikia dawa, azimeze bila kuruka. Ila na chakula mkiangalie. Sisemi mhame mezani. Nusu ya sahani iwe mboga, wali upungue, maharage au samaki wawepo, soda iwe ya siku moja moja. Na atembee, jamani. Miguu si ya kukanyagia mafuta ya gari tu."

Bonge alicheka. Fundi hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, lakini masikio yake yalikuwa yamekwama kwenye "presha" na "kubaya". Baba yake mzazi alikuwa ameondoka vivyo hivyo, ghafla, kijiko kikiwa mkononi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akihesabu vilivyomo jikoni. Moyoni alikuwa ameshatangaza vita.

Vita vilianzia jikoni. Sukari aliifungia kabatini, ufunguo akautia kwenye mkoba. Mafuta ya kupikia alimgawia jirani. Chumvi ikafuata. Jioni ile familia ilikuta mezani kabichi ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha na mayai ya kuchemsha, vyote vimepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Kitinda mimba, ambaye kwa kusema kwake walimwita Kasuku, alitazama sahani yake, akatazama ya baba yake.

"Mama, leo tunaumwa sote?"

"Kula."

Bibi, mama yake Bonge, aliyekuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alitafuna kabichi muda mrefu kabla ya kuimeza. "Mkwe wangu," alisema, "kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa nimeshakuzoea. Lakini wewe umetoka na chupa yenyewe."

Bonge alijikohoza ili asicheke. Fundi aliweka kijiko chini.

"Chekeni tu. Mafuta ni adui. Unene ni adui. Mimi sitaki kumzika mtu kwa sababu ya tumbo lake."

Tangu siku hiyo, kila mlo ulikuja na hotuba. Fundi alisema unene ni ugonjwa unaotembea kwa miguu, akasema mtu asiyeweza kujizuia mezani hawezi kujizuia popote. Alisema huku akimtazama mumewe, wala hakuona ni nani mwingine aliyekuwa akisikiliza.

Nyumba iligeuka kambi, na kama kambi zote, ikaota wakora. Bibi alificha pakiti ya sukari chini ya mto wake, akawa anakunywa chai chumbani akiwa ameegemeza kiti mlangoni. Bonge akirudi kazini alisema hana njaa, na Fundi akaanza kujipongeza kimoyomoyo, mpaka siku Kasuku alipotangaza mezani, "Baba kasema nisiseme kwamba tulikula chipsi."

Walinuniana siku hiyo yote na iliyofuata.

Binti mkubwa ndiye pekee ambaye hakumsumbua mtu. Alikuwa ameingia sekondari, mwenye mashavu ya mviringo na kicheko cha baba yake. Alikula kidogo, akasema ameshiba, akaosha vyombo, akaenda kusoma. Fundi alimtolea mfano. "Angalieni mwenzenu," aliwaambia wengine. "Halalamiki."

Alasiri moja binti huyo aliingia chumba cha cherehani akiwa amevaa sare ya shule, ameshikilia sketi kwa mkono mmoja.

"Mama, naomba uipunguze. Inanivuka."

"Si nimekushonea muhula huu huu? Hebu simama hapa."

Fundi alipitisha utepe kiunoni mwa mwanawe, akasoma, akadhani amekosea. Akapima tena. Hapo ndipo alipoinua macho, akamtazama mtoto usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Midomo ilikuwa imekauka.

"Shuleni unakula nini?"

"Maji."

"Maji na nini?"

Binti alitazama vipande vya kitambaa vilivyozagaa sakafuni. "Maji tu. Na chakula cha nyumbani nampa Kasuku ukigeuka."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Si wewe ulisema?" Sauti ya binti ilikatika. "Kila mtu anasema mimi ni baba mtupu. Mwili wake, uso wake. Na wewe kila siku unasema vile kuhusu mwili wake. Nikaona nianze mapema, kabla hujaanza kunisema na mimi."

Fundi aliachia utepe. Alikaa chini palepale, juu ya vipande vya kitambaa, akamvuta binti yake mapajani kama alivyokuwa akimvuta alipokuwa mdogo. Binti hakukataa. Mteja alibisha hodi dirishani, akawaona, akaondoka kimya kimya.

"Nisamehe," Fundi alisema hatimaye. "Niliogopa, na woga wangu nikawapakulia ninyi."

Kesho yake walikwenda zahanati wawili. Muuguzi alimpima binti, akaongea naye peke yake mlango ukiwa umefungwa, kisha akamwita mama.

"Huyu anakua, na anayekua hanyimwi chakula," alisema. "Nimemwomba awe anakuja tuongee, na daktari atamwona. Wewe je? Siku ile uliondoka na nusu ya maneno yangu. Nilisema mpunguze na mchanganye. Sikusema muadhibiane."

"Sasa nifanye nini?"

"Pika chakula ambacho watu watataka kukila. Kaeni pamoja. Na mezani msiongelee mwili wa mtu yeyote, hata kwa utani."

Jioni Fundi alikwenda mpaka chumbani kwa Bibi, akasukuma mlango, ukagota kwenye kiti, akabisha.

"Mama, nifungulie. Najua kuhusu sukari."

Kikombe kikawekwa chini. Kisha kiti kikasukumwa. Fundi alimwekea mkwewe ufunguo wa kabati kiganjani.

"Nimeshindwa. Nisaidie."

Bibi aliugeuza ufunguo, akamtazama. Kejeli ilimfika mdomoni, akaimeza. "Twende jikoni," alisema. "Na huyo mwanangu aamke kwenye kochi. Kisu hakimng'ati mtu."

Mafuta yalirudi, ila sasa Bibi aliyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina. Maharage yaliungwa kwa kitunguu, nyanya na tangawizi, chumvi kidogo tu ikanyunyizwa mwishoni. Bonge alikabidhiwa mboga za majani, akazikata kama mtu anayepasua kuni. Mama yake alimfukuza mara mbili, na mara mbili akamwita tena. Kasuku alipewa kazi ya kupanga vipande vya papai, akavipanga huku akivipunguza. Wali ulikuwepo, mchache, na hakuna aliyeulilia, kwa sababu sahani ilikuwa imejaa vitu vingine vyenye ladha. Redio ilizimwa.

Haikwenda kama maji. Bonge aliteleza, na alipoteleza alisema mwenyewe, "Leo nimekula chipsi," na Fundi, ambaye ulimi ulimwasha, akamuuliza tu kama zilikuwa tamu. Baadaye mume alianza kubeba bakuli la nyumbani. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama sasa amekuwa mwanafunzi, kisha wakaomba kuonja, na mwisho akawa anabeba lililojaa zaidi kwa ajili yao.

Binti ndiye aliyechelewa. Kulikuwa na siku alizozungusha kijiko sahanini bila kukiinua, na siku alizokula vizuri halafu akalia. Aliendelea kwenda kwa muuguzi. Fundi alijifunza kukaa kando yake bila kuhesabu matonge. Jioni, jua likipungua, Bonge alimwambia binti, "Nisindikize, nimeambiwa nitembee na peke yangu naona aibu," nao wakawa wanatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, wakibishana kuhusu mpira. Walichozungumza zaidi ya hapo Fundi hakuuliza. Alisikia tu vicheko vyao viwili vikikata kona kabla yao, vinafanana kiasi kwamba hakujua kipi ni cha nani.

Bonge aliporudi kupimwa, muuguzi alisoma kipimo na kuridhika. Presha ilikuwa imeshuka. Dawa zisiachwe, alisema, na safari bado ndefu, lakini sura ya mambo ilikuwa imebadilika.

Jumapili moja Bibi alipika maharage na boga, na samaki wa kuokwa. Watu walikula, wakapiga soga, Kasuku akasimulia habari za mwalimu wake mpaka akatulizwa. Katikati ya kelele hizo binti mkubwa alinyoosha mkono.

"Mama, nisogezee maharage. Bado nina njaa."

Bonge aliacha kutafuna. Bibi aliinamia sahani yake ghafla, kana kwamba ameona mwiba wa samaki. Fundi alijiwa na maneno mengi, yote ya furaha, akayazuia.

"Chukua, mwanangu," alisema, akasukuma bakuli. "Na boga lipo."

"Boga hapana. Bibi kaliunguza."

"Nani kaunguza?" Bibi alipaza sauti, na meza nzima ikaangua kicheko, na bakuli la maharage likazunguka mpaka likakwisha.