Barua za Mama Tobin

Baada ya yale mauaji ya shuleni kwetu, Marekani nzima ilitutumia dubu. Dubu wa kuchezea, wa manyoya, wakubwa kwa wadogo, malori kwa malori, kana kwamba mji ulikuwa umeagiza. Watoto tisa wamepigwa risasi darasani, na mtu huko mbali anakaa, anawaza, anaona dawa yake ni dubu. Tuliwarundika katika chumba cha chini cha kanisa mpaka wakaziba dirisha. Mmoja wao alikuwa na betri, na rundo likisogea kidogo alisema "Nakupenda" kwa sauti ya mtoto. Tulimtafuta wiki nzima hatukumpata.

Kelsey Haugen ni jirani yangu. Mwanawe Tobin, wa miaka saba, alikuwa mmoja wa wale tisa. Mwezi wa tatu Kelsey alikwenda bunge la jimbo kuomba sheria ya kudhibiti bunduki, akaonekana kwenye televisheni, na barua za pole alizokuwa akipokea zikageuka. Wapo waliomwita shujaa. Wapo waliomwita mwigizaji, wakadai Tobin hajafa, kafichwa mahali. Tobin niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu mwenyewe, mama yake akiwa zamu ya usiku.

Alivumilia wiki tatu, kisha akaja kwangu. "Janelle, mama, mimi siwezi tena. Zifungue wewe. Nzuri niletee. Mbaya niambie tu zimetoka wapi."

Basi nikawa nashinda kule chini na masanduku ya barua, nikisoma na kutukana kwa sauti ndani ya nyumba ya Mungu, anisamehe.

Mji nao uligawanyika. Kwenye mkahawa wa Dale watu walianza kuchagua meza. Mume wangu Verlyn, aliyebeba jeneza la Tobin begani, alikaa meza ya wenye bunduki. Anazo tano kabatini, moja ya marehemu baba yake.

"Yule kichaa angetumia hata kisu," aliniambia jioni moja.

"Kwa kisu asingemaliza tisa kwa dakika nne."

Tukamalizia viazi vyetu.

Siku tatu kabla Kelsey hajarudi bungeni, nilifungua bahasha isiyo na jina la mtumaji. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyochapwa kwa mashine: "Waambie wabunge ulikuwa wapi saa nne asubuhi. Ulitakiwa umpeleke mtoto kwa daktari wa meno. Ulisimama kununua kahawa."

Nilikaa juu ya rundo la dubu. "Nakupenda," ikasema sauti chini yangu.

Habari ya kahawa ilijulikana na watu watatu tu duniani. Kelsey alininong'oneza siku ya mazishi, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya vyombo. Alitakiwa kumchukua Tobin darasani saa nne kamili. Foleni ya kahawa ikawa ndefu. Alifika saa nne na dakika kumi na tisa, akakuta polisi wamezingira shule. "Usimwambie mtu, mama," alinisihi. Nami usiku uleule nikamwambia Verlyn, maana moyo ulinielemea, nikajidanganya kwamba mume hahesabiki kuwa mtu.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta anakoroga supu. Niliweka karatasi mezani.

"Nini hii?"

"Unaijua."

Alizima jiko. "Nilitaka anyamaze tu, Janelle. Sikutaka aumie. Wanakuja kuchukua bunduki ya baba."

"Ulimbeba yule mtoto, Verlyn."

"Ndiyo maana nikachapa," alisema. "Mkono ulikataa kuandika."

Siku zote waandishi wa barua zile niliwapa sura ya mtu wa mbali, mchafu, anayeishi peke yake. Kumbe alikuwa amevaa soksi nilizomfumia mimi. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi, kwa sababu risasi ile ni mimi niliyempa. Karatasi nikaichana vipande vipande, nikaitupa.

Kesho yake Kelsey alikuja kanisani. Alikuwa amekonda, koti linampwaya.

"Kuna mbaya?"

"Tatu."

"Za wapi?"

Nilijua anachouliza. Kila siku alikuwa akiniambia hivi: "Wa mbali waseme wapendavyo, mradi hapa nyumbani hakuna. Kama yupo hapa, nitahama, nimwache mwanangu peke yake kule makaburini."

"Texas, Florida, na moja muhuri wake hausomeki," nikasema. "Ya hapa hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mwanangu."

Alinitazama usoni. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa, akazilaza mezani. Zilikuwa zimechapwa. Saa nne, daktari wa meno, kahawa.

"Hizi zilikuja kabla sijakupa kazi," alisema. "Na habari ya kahawa nilimwambia mtu mmoja. Nikasema moyoni, nitampa barua azifungue yeye. Siku ikija nyingine, ataniambia."

"Kelsey, si mimi niliyeandika."

"Najua si wewe. Na uso wako umeshasema nyingine imekuja. Nilikuwa nasubiri tu uniambie."

Akaondoka, akaufunga mlango polepole. Heri angeubamiza. Nilibaki nimeshika zile karatasi, na nilipoegemea rundo, yule dubu akasema tena neno lake.

Jumatatu mimi na Verlyn tulikaa mbele ya televisheni. Kila shahidi alikuwa na dakika mbili. Kelsey alishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, na hakuanza na bunduki.

"Asubuhi ile nilichelewa dakika kumi na tisa," alisema. "Nilisimama kununua kahawa. Kuna mtu wa mji wangu alitaka niwaambieni. Haya, nimesema. Sasa na nyinyi niambieni: mama akichelewa dakika kumi na tisa, mtoto wake anatakiwa afe?"

Verlyn alinyoosha mkono kuchukua rimoti. Nilikuwa nimeiwahi. Nikaongeza sauti, tukakaa tukamsikiliza mpaka mwisho, mimi na yeye.