Moto wa Kiwanja cha Arobaini na Moja

Lori lilifika Jumanne saa nne asubuhi, Tatu akiwa anakwangua ukoko ili mtoto apate cha kutafuna njiani. Ilikuwa Septemba ya 1974, mwaka wa kuhamia vijijini. Mgambo wawili walipanda juu ya nyumba wakaanza kung'oa nyasi za paa huku wakipiga soga, na dereva akahimiza watu wafanye haraka, maana alikuwa na familia tano za kusomba kabla ya magharibi. Rehani, mumewe, alimfunga mbuzi wao nyuma ya lori. Tatu hakugombana na mtu. Alichukua vitu viwili tu alivyovijali: mahindi ya mbegu yaliyoning'inia kwenye uchanja juu ya mafiga, na kaa la moto, ambalo alilifukia ndani ya chungu cha majivu.

Mbegu ile alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Ilikuwa mahindi mafupi, mekundu kidogo, yasiyolijali jua la Handeni. Yalikaa kwenye moshi tangu yavunwe hadi siku ya kupandwa, kwani moshi ukikatika wadudu wanaingia. Ndiyo maana mwanamke wa kwao, wa Kizigua, akihama anahama na moto wake, na pale anapoukoka ndipo kwake, habari imekwisha. Hata mume mbishi vipi, akiambiwa mkeo ameshakoka moto, ananyamaza.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, kati ya Kabuku na Segera. Viwanja vilipimwa kwa kamba, na kamba haikutakiwa kupinda. Ilipofika kwenye kichuguu, kichuguu kikasawazishwa. Ilipofika kwenye makaburi ya watu, ikapita juu yake. Ilipovuka kiwanja cha arobaini ikaendelea tu, ikaingia nchi nyingine, ya baridi kali. Wapimaji waliona, wakaazima masweta, wakapigilia vigingi vyao mpaka jioni. Kwenye karatasi mstari ulinyooka vizuri, na hicho ndicho kilichotakiwa.

Dereva alisimama kwenye kiwanja cha arobaini akasema haendi zaidi, matairi yake si ya huko. Mwenye kiwanja hicho, Efrazia, mama wa makamo aliyekulia kambi za mkonge, alikuwa anaanika nguo. Kamba yake ilianzia kwenye mwarobaini wa upande wake ikaishia kwenye mti wa upande wa pili, usio na jani hata moja. Nguo za huku zilipepea. Za kule zilikuwa zimekakamaa kama samaki wa ng'onda.

"Shikamoo," alisema Shida, binti wa Tatu, mwenye miaka sita.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, majirani. Mtoto mfungeni masikio. Na mkitaka kununua kitu huko, ulizeni bei mara mbili, maana ya kwanza hamtaiamini."

"Ni baridi ya Lushoto?" Tatu aliuliza.

"Lushoto ni mchezo, mama. Huko saa tisa alasiri jua limeshakwenda kulala."

Walivuka. Theluji iliwafika kwenye vifundo vya miguu. Rehani aliitazama, akautazama mstari wa nyumba zilizokuwa nyuma yao juani, akaudhika kweli kweli. "Usifungue mzigo," alimwambia mkewe. "Namfuata katibu atubadilishie. Usiguse kitu."

Tatu akangoja. Jua likazama saa tisa kama alivyoambiwa. Midomo ya Shida ikageuka rangi ya zambarau, na Tatu alipofunua chungu akakuta kaa limebaki jekundu mahali padogo kama jicho la kuku. Likizimika, mtoto hana moto na mbegu haina moshi. Alifukua mawe matatu chini ya theluji, akavunja vijiti vya kikapu chake, akapuliza. Moto ukashika. Akafunga fito mbili juu yake, akatundika mahindi.

Rehani alirudi na katibu wa kijiji, kijana aitwaye Abdi, wamekwisha kukubaliana. Kiwanja cha saba kilikuwa wazi, mwenyewe alitoroka. Abdi alikuwa na kalamu mkononi. Akauona moshi, akafunga daftari.

"Kaka Rehani, mkeo ameshakoka moto."

Rehani aliangalia mafiga. Akaanza kufungua mzigo.

"Nimemkokea mtoto," Tatu alisema. "Sikukikokea kiwanja."

"Moto ni moto, mama. Mimi mwenyewe mama yangu Mzigua." Jumapili iliyopita, mkutanoni, kijana huyu huyu alisema mila za kizamani zinarudisha nyuma maendeleo. Hii moja ilimfaa. Tatu akakaa chini palepale kwenye theluji, na mumewe hakumlaumu siku ile wala baadaye, jambo lililomuuma zaidi.

Basi wakaishi. Kulikuwa na duka, na muuzaji wake, mama mnene mwenye kitambaa kichwani, alikuwa na adabu. Kabichi moja iliuzwa bei ya jogoo. Mbuzi wao walimtoa wakapata koti moja, wakawa wanalivaa kwa zamu. Rehani alipopiga jembe shambani, jembe liliruka likamrudia. Alijaribu siku nne, mikono ikachubuka, akaacha.

Oktoba mvua za vuli zilianza. Zilinyesha kuanzia kiwanja cha kwanza hadi cha arobaini, na watu wakapanda. Tatu alikwenda kwa katibu akaomba ruhusa ya kupanda kwenye shamba lake la zamani, bondeni.

"Mahameni harudi mtu," Abdi alisema.

"Basi Efrazia amenipa pembe ya kiwanja chake."

"Kila mtu alime kwake, mama. Kulima kwa mwenzako ni unyonyaji."

Ilibaki njia moja, nayo Tatu aliijua tangu utotoni. Moto ukizimika wenyewe, bila kumwagiwa maji, mwanamke anabeba mafiga yake na kwenda anakotaka. Hata Abdi asingekuwa na la kusema. Kumlaza mtoto kwa Efrazia kulishindikana, kwa kuwa mgambo walipita kila alfajiri kuhesabu watu, kila mmoja kwenye kiwanja chake. Jioni moja Tatu hakuongeza kuni. Alimpakata Shida ndani ya koti, akautazama moto ukijifia. Mtoto alitetemeka sana. Kisha akaacha kutetemeka, akasema anasikia joto, anataka kuvua koti, ilhali mwili wake ulikuwa wa baridi kama jiwe.

Tatu akautia mpini wa jembe kwenye makaa kabla hayajazimika. Ndio uliokuwa karibu.

Novemba walikuja wageni kutoka makao makuu kuukagua mstari. Walisimama kwenye kiwanja cha kwanza, mmoja akafumba jicho kupima, akasema umenyooka hata mwisho wake hauonekani. Watu wakapiga makofi. Rehani naye alipiga, maana siku hiyo zamu ya koti ilikuwa yake na aliweza kutoka.

Siku hiyo unga uliisha. Tatu alipanda juu ya jiwe, akafungua kamba za uchanja, akashusha mahindi.

"Mama, hayo si ya kupanda?" Shida aliuliza. Alikuwa amefundishwa tangu anatambaa kwamba yale hayaguswi.

"Ndiyo, ni ya kupanda."

Akayapukuchua, akayatia kwenye sufuria pamoja na theluji. Yalichukua muda mrefu kuiva, kwa kuwa yalikuwa makavu ya kupandwa. Ule upande wa jua, Efrazia alisikia harufu, akaacha kuanua nguo, akaingia ndani. Rehani alikula akiwa ameupa moto mgongo. Tatu alitafuna polepole, akasikia ladha ya moshi wa jiko la mama yake, na machozi yakamtoka hadharani bila aibu.

"Matamu," alisema Shida. "Kesho yapo?"

"Ya kesho yapo."

Mtoto hakuuliza ya keshokutwa. Tatu akaongeza kuni.

Alfajiri mgambo walipita. Kiwanja cha arobaini na moja: watu watatu, moto unawaka, wote wapo.