Mzinga Mbele ya Kamati

Baba aliushusha mzinga wa babu kutoka juu ya mgunga kwa mikono yake mwenyewe, akawakung'uta nyuki waliobaki, akausugua kwa majivu hadi alama ya ukoo ikajitokeza: mistari mitatu na duara. Nyuki walikuwa wamemvimbisha jicho moja. Hakujali. Mimi ndiye niliyemtuma, na hilo sitajisamehe.

Kwetu Ukambani, mahali ulipotundikwa mzinga wenye alama huwa na mwenyewe, na hata mwizi mwenye njaa hupita kando. Basi mwaka wa 1974, kamati ya mipaka ilipotaka kila mkazi wa bonde letu alete ushahidi wa haki yake, nikamwambia Baba, "Peleka mzinga. Huo hausemi uongo." Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nilidhani nayajua mambo ya serikali.

Kamati iliketi kanisani. Mwenyekiti alikuwa Mutunga, kijana mwenye tai, Mkamba mwenzetu. Aliipapasa ile alama kwa kidole, nikajua ameitambua.

"Ulitundikwa lini, mzee?"

"Babangu Mulei aliutundika mwaka wa nzige, sijatahiriwa," Baba akasema, kifua mbele. "Mzungu akapiga mstari, akasema hapa ni mali ya Mfalme. Akatufukuza, akachukua ng'ombe. Tukarudi. Akachoma nyumba. Tukarudi tena."

Mutunga aliandika yote, neno kwa neno. Kisha akamsogezea wino, na Baba akabonyeza kidole gumba kwa heshima zote.

Nilipewa nakala. Niliisoma mara mbili. Kisilu Mulei amekiri kuvamia ardhi ya serikali tangu mwaka wa 1928, na kurudi kila alipoondolewa. Ahame katika siku thelathini. Ushahidi: mzinga mmoja.

Nikamfuata Mutunga mlangoni. "Alama hii ni ya ukoo wako pia."

"Naijua, mwalimu," akasema bila kunitazama. "Lakini ramani tuliyopewa ni ileile ya Mzungu. Ningefanyaje?"

Nilitaka kumtukana; nikampita, nikatoka. Uhuru tuliuchezea ngoma hadi miguu ikavimba, kumbe ule mstari ulikuwa umekaa kimya ukitungojea, nami nimemkokota mzee wangu hadi hapo.

Baba alikuwa nje akiwasimulia wanaume jinsi kijana alivyomsikiliza. Tangu azaliwe, hakuna ofisa aliyewahi kuyaandika maneno yake.

"Kasyoka, jina langu wameliandika sawasawa?"

Nikaikunja karatasi. "Sawasawa, Baba."

"Na la babu yako?"

"Na lake pia."

Akacheka, jicho moja limefumba. Akasema tufanye hima, mvua ya Novemba i karibu naye hajapanda mbaazi. Mwaka huu angezipanda hadi kule bondeni chini, tuvune za kutosha ifikapo Agosti.