Mchumba Asiyejua Kuumwa

Mimi nilishasema hapana, na nikisema hapana sirudi nyuma, muulize yeyote pale hospitali. Binti yangu alimleta nyumbani kijana mwembamba mwenye miwani, akakaa pembeni kabisa mwa kochi kama mtu anayeogopa kulichafua. Nikamuuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: kijana, unafanya kazi gani?

"Navuta molekuli, Mama."

"Unavuta nini?"

"Molekuli. Moja moja. Tuna sindano yenye ncha nyembamba sana, tunaigusisha kwenye molekuli, tunaivuta polepole, halafu tunapima imeshikilia kwa nguvu gani kabla haijaachia."

Jamani, mimi nimeshika sindano tangu huyu hajazaliwa, na sindano yenye ncha isiyoonekana sijaisikia. Nikamuuliza hiyo molekuli inafananaje. Akasema kwa macho haionekani. Sasa wewe unajuaje kama umeivuta? Akasema mashine ndiyo inawaambia. Binti yangu akanifinya paja ili ninyamaze.

Naomba mnielewe. Baba yake huyu binti naye alikuwa na kazi isiyoonekana. Kila asubuhi alitoka na mkoba, tai imenyooka, na jioni alirudi amechoka hoi, nikimpa pole na maji ya kuoga. Siku nilipoufungua ule mkoba nilikuta gazeti na ndizi mbili. Hakuwa na kazi yoyote, alikuwa anashinda kwenye bustani ya jiji. Muda si mrefu na yeye mwenyewe akawa haonekani. Iliniuma, tena iliniuma sana, nikaapa kwamba binti yangu hataolewa na mtu wa kazi ya kusimuliwa. Kwa hiyo nikasema hapana, na kijana nikambandika jina la Bwana Molekuli.

Mambo yangeishia hapo, kama si Marehemu.

Marehemu ni mzee mmoja mstaafu. Tunamwita hivyo kwa sababu anakufa vizuri. Mimi ni mkuu wa mafunzo ya wauguzi, na nina utafiti wangu: nataka kuonyesha kwamba muuguzi akifundishwa kumsikiliza mgonjwa kwanza, kabla hajashika kifaa wala karatasi, makosa yanapungua. Kwa kazi hiyo nahitaji mgonjwa wa kuigiza, alale kitandani alalamike, wauguzi wamhudumie, mimi nitazame. Marehemu alikuwa fundi. Ukimpa homa, anatetemeka mpaka kitanda kinahama. Ukimpa kifo, wauguzi wanatoa machozi na kuchangishana. Basi zimebaki siku chache tu wageni wa kamati ya utafiti waje kuona kazi yangu, Marehemu akapiga simu. Ana mafua.

"Si ndiyo vizuri?" nikamwambia. "Njoo uumwe huku."

"Siwezi, Mama. Nikiumwa kweli huwa siwezi kufanya kazi."

Binti yangu akaona mwanya hapo hapo. "Mama, mchumba wangu yuko likizo. Mchukue yeye." Mfa maji haachi kutapatapa, nikakubali.

Loo! Sijapata kuona mtu asiyejua kuumwa kama yule. Tulimpa mawe kwenye figo, upande wa kushoto, maelezo yote yameandikwa kwenye karatasi. Muuguzi wangu mmoja mrefu, ninayemtegemea kuliko wote, akaanza naye mazoezi.

"Unajisikiaje, kaka?"

"Mimi au mgonjwa?"

"Wewe ndiye mgonjwa."

"Aa, sawa. Mgonjwa ana maumivu makali."

"Kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Akachungulia karatasi. "Hapa wameandika tisa. Mimi binafsi ni sifuri."

"Umekula chochote leo?"

"Mgonjwa hajala tangu jana. Mimi nimekula mkate na mayai, yalikuwa mazuri kwa kweli."

Nikamwambia alie. Akasema "aaa," kama anamwonyesha daktari koo. Nikamwambia ajikunje kwa maumivu. Akajikunja taratibu, akauliza kama pale panatosha au aongeze kidogo. Wauguzi walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta, na kuanzia hapo wakawa wanamwita shemeji, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Nilimfundisha kwa upole, nikamfundisha kwa makelele. Hata kukohoa kwa uongo kulimshinda.

"Samahani, Mama," akaniambia. "Nikitaka kusema kitu ambacho sijakipima, ulimi unakuwa mzito."

"Basi kaupime huo ulimi!"

Siku ya wageni ikafika. Wakaja wawili, mama mmoja mnene mpole na baba mmoja mwembamba aliyekuwa anaandika hata kabla hajakaribishwa. Bwana Molekuli alikuwa ameshalala kitandani, kimya, uso umempauka. Nikajua ni woga. Nikamsogelea sikioni nikamwambia leo ukiniaibisha, achilia mbali harusi yako, hata ya jirani hutaiona. Akaitikia kwa kichwa tu.

Muuguzi wangu mrefu akaanza vizuri mno. Akavuta kiti, akakaa, akamtazama mgonjwa machoni. Nikavimba kwa fahari.

"Pole, kaka. Unajisikiaje?"

"Vibaya."

"Maumivu ni ngapi?"

"Saba." Na hakuangalia karatasi.

Muuguzi akanitupia jicho la furaha, yaani Mama, leo ameiva! Baba mwembamba akaandika.

"Panauma wapi?"

Akashika tumbo chini, upande wa kulia.

Muuguzi akainama, akanong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka dirishani: "Kushoto, shemeji. Kushoto." Akauchukua mkono wa mgonjwa akauhamishia kushoto. Mkono ukarudi kulia. Akauhamisha tena. Ukarudi tena. Walibishana hivyo kimya kimya, mkono unakwenda na kurudi, mpaka muuguzi uvumilivu ukamwisha, akainua karatasi akamwekea usoni.

"Angalia mwenyewe. Mawe ya figo, kushoto. Imeandikwa."

"Najua imeandikwa," akasema kwa shida. "Lakini panauma huku."

"Mgonjwa mbishi," yule mama mnene akamnong'oneza mwenzake. "Anaigiza vizuri sana. Wapo hawa."

Kwanza damu ilinichemka. Nikasema moyoni, huyu kijana ananiharibia makusudi kwa sababu nimemnyima binti. Halafu nikaona jasho kwenye paji lake la uso. Mtu aliyeshindwa kukohoa kwa uongo tangu mazoezi yaanze, leo aamke ajue kutoa jasho la uongo? Thubutu!

"Ondoka hapo!" nikamwambia muuguzi. "Mimi nilikufundisha kusikiliza karatasi au kusikiliza mtu?"

Nikavuta shuka. Bwana Molekuli akalikumbatia shati lake kwa mikono miwili.

"Mama, hapana. Wewe ni kama mkwe wangu. Heshima, Mama."

"Utazikwa na heshima yako? Fungua shati!"

Nikabonyeza tumbo chini kulia, polepole. Akafumba macho. Nikaachia ghafla. Kilio kilichomtoka hapo, Marehemu angekisikia angestaafu mara ya pili.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Tisa, Mama. Yangu mwenyewe."

"Kidole tumbo hicho. Machela! Haraka!"

Wageni wakasimama wakapiga makofi.

Tukatoka mbio. Mimi nimeshika machela mbele, muuguzi mrefu anasukuma nyuma huku analia na kuomba msamaha, binti yangu aliyekuja kutazama maonyesho anakimbia pembeni, kiatu kimoja amekiacha njiani, na wageni wawili wanatufuata na makaratasi yao. Kwenye kona baba mwembamba akanifikia, anahema.

"Samahani, Mama. Hii bado ni sehemu ya zoezi?"

"Zoezi lako wewe ni kunipisha!"

Akaliandika na hilo.

"Mama," Bwana Molekuli akasema tukiwa bado tunakimbia, "samahani, nimekuharibia utafiti."

"Nyamaza na utafiti! Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Asubuhi ilikuwa tatu tu. Sikuwa na uhakika kama ni ugonjwa au nakuogopa wewe."

Nilitaka kumgombeza, nikaishia kuivuta machela kwa kasi zaidi. Miaka yote hii nimeuliza watu panauma wapi, na hayo maumivu sijayaona hata siku moja. Nimekuwa nikiamini kwa mdomo wa mwenye nayo, basi. Sasa huyu hapa mdomo wake haujui uongo hata ukiufundisha, na mimi nimemfungia mlango kwa sababu ya ndizi mbili za mwanaume mwingine. Nikaogopa. Niliogopa kumpoteza, nasema wazi.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji kuna muuguzi mkali kuliko mimi, kwa kuwa ni mimi niliyemfundisha. Akapokea machela, akasimama katikati ya mlango.

"Mama, asante, rudi na wageni wako. Wote rudini. Hapa anabaki ndugu wa mgonjwa peke yake. Ndugu yake nani?"

Wazazi wa kijana wako mbali, hata simu haijawafikia. Binti yangu akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Mchumba aliyekataliwa atajiita nani? Machozi yakaanza kumtiririka, na hakuyafuta.

"Ndugu yake ni mimi," nikasema. "Huyu ni mkwe wangu."

Hata yule baba mwembamba aliacha kuandika. Bwana Molekuli akainua kichwa kwenye machela, miwani imekaa upande, midomo imemkauka, akanitazama kwa makini sana.

"Mama," akasema, "hiyo ni kweli, au bado tunaigiza?"

"Ni kweli, mwanangu," nikamwambia. "Na usinifanye niseme mara mbili mbele za watu."