Midundo Arobaini na Minane

Timu nzima ilimwita Saa, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na moja ya kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara, katika klabu saba, hakuwahi kuonekana akiinua macho kutazama muda. Yeye ndiye mchezesha timu, wa kuleta mpira mbele na kugawa, na timu ikishauleta ina sekunde ishirini na nne za kurusha, la sivyo king'ora kinalia na mpira unakwenda kwa wapinzani. Wachezesha timu wengine huchungulia ubao. Saa alihesabu kwa kudunda: midundo miwili kwa sekunde, arobaini na minane basi. Hata mpira ukiwa mikononi mwa mwingine, mdundo uliendelea kichwani mwake. Alijisifia jambo hilo mpaka watu wakachoka kumsikiliza.

Jumamosi ile king'ora kilimlilia akiwa bado na mpira mkononi, anatafuta mtu wa kumpasia huku kichwani akijua ana sekunde mbili za akiba. Akamwendea mama wa mezani, yule anayebonyeza muda, akamwambia mashine yake mbovu. Mama akamtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, mashine ni mpya. Imefungwa juzi."

Robo iliyofuata kikamlilia tena. Walifungwa kwa pointi nne, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo Saa aliongea peke yake kuhusu mashine mpya zisizofaa. Wenzake walivua viatu kimya. Hakuna aliyemuunga mkono, na hilo lilimkera kuliko kufungwa.

Wiki hiyo hakukaa akatulia. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: sebuleni, jikoni, uani, mpira mkononi. Mkewe alimvumilia siku mbili.

"Kaa chini, mume wangu. Unanitia kizunguzungu."

"Nafikiri."

"Fikiri umekaa. Wenzako wote wanafikiri wamekaa."

Mkewe alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyomkosesha Saa raha. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amemwahidi Saa mkataba wa miaka miwili, wa kusainiwa Jumatatu baada ya mechi ya mwisho. Mpaka hapo walikuwa watu wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Binti yao mwenye miaka tisa alikuwa ameshabadilisha shule nne, na kila shule alikuta wenzake wameshachaguana marafiki. Safari hii mama mtu alinunua kabati kubwa la mbao, lile lisilofunguliwa vipande. Mtu anayefikiria kuhama hanunui kabati kama lile.

Alhamisi jioni binti alikuwa uani anaruka kamba, na baba yake anadunda pembeni. Ulikuwa mchezo wao wa siku nyingi: yeye anadunda, mtoto anaruka kwa mdundo. Mtoto akasimama.

"Baba, nenda kule. Unanikwaza."

"Nadunda vilevile."

"Si vilevile. Siku hizi unavuta. Kamba inanigonga miguu."

Alimcheka, akamvuta sikio, kisha akaenda nyuma ya tangi la maji mahali asipoonekana. Akawasha saa ya simu, akaiweka juu ya tofali, akafumba macho, akadunda arobaini na nane. Alipofumbua ilikuwa sekunde ishirini na sita na nusu. Akarudia: ishirini na sita na kidogo. Mara ya tatu akajilazimisha kuharakisha, ikatoka ishirini na mbili, na hiyo ilimtisha zaidi, maana sasa mkono haukuwa na mwendo wowote wa kuaminika. Goti aliwahi kuliuguza mwaka mzima, lakini alijua linauma. Huu uchelewaji ulikuwa umemwingia bila kubisha hodi, na mkononi mdundo aliuona sawa kabisa. Aliogopa. Ndani ya nyumba mkewe alikuwa anapanga mashuka kwenye kabati na kuimba, naye akaona si wakati wa kumwambia.

Akapiga moyo konde: Jumamosi nitainua macho kama watu wengine, nani atajua?

Walijua wapinzani. Waliomkabili walikuwa wamezoea macho yake chini, na mara ya kwanza alipoyapandisha ubaoni, mkono wa mtu ukapita ukachukua mpira. Mara ya pili vilevile. Alikuwa hajajifunza kudunda huku anatazama juu; katika miaka yote hiyo hakuona haja. Mechi yenyewe ilikuwa ya roho mkononi, maana wakifungwa wanashuka daraja. Zikabaki sekunde kumi na sita, wako nyuma kwa pointi moja, mpira wao. Kocha akaomba mapumziko, akapiga goti mbele yao na kibao chake.

"Saa, shika mpira. Ua muda. Zikibaki tatu unaingia, unarusha. Kama siku zote."

Wote wakaitikia kwa kichwa. Saa naye aliitikia, kisha akasikia mdomo wake unasema, "Nahesabu vibaya."

"Unasemaje?"

"Nachelewa. Nimejipima nyumbani. Nikishika mimi, king'ora kitalia nina mpira mkononi. Mpe Pilipili."

Pilipili alikuwa msaidizi wake, kijana mwepesi aliyekaa benchi misimu mitatu akiusubiri mpira huo. Ungedhani angerukaruka. Akanywea.

"Mimi sijui kuhesabu, kaka. Huwa nakusikiliza wewe."

"Hata mimi," akasema mchezaji mrefu wa kati, macho chini.

Ndipo Saa alipoelewa kimya cha chumba cha nguo. Walikuwa wamechelewa wote, nyuma ya mkono wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akaona aibu, na hasira kidogo.

"Basi wewe dunda, usiangalie juu," akamwambia Pilipili. "Mimi nitasimama kona nikutajie."

Kona ni mahali anaposimama mtu asiye na kazi, naye hakuwahi kusimama huko. Alisimama mikono mitupu, uso ubaoni, akipaza sauti juu ya kelele za watu: "Kumi na mbili. Kumi na moja. Bado. Saba. Bado, mdogo wangu, bado. Nne. Nenda." Pilipili akapita, akarusha, mpira ukaingia, king'ora kikalia. Timu ikamwangukia Pilipili. Saa akatafuta benchi, akakaa.

Baadaye kocha akaja kukaa naye, taulo shingoni.

"Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu pale. Amesikia kila kitu."

"Nilimwona."

"Ungenyamaza, Jumatatu ungesaini."

"Najua."

"Mechi ya mwisho. Muda wote wa likizo ungejirekebisha, nani angejua? Kwa nini hukunyamaza?"

Saa alimfikiria mkewe, na binti, na shule ya tano.

"Tungefungwa," akasema.