Alama ya Haijalishi

Tangu wamzike mama yake kule Nyamuswa, Boke alikuwa na jibu moja kwa kila jambo: haijalishi. Ugali au wali, haijalishi. Shamsia, mwanafunzi mwenzake waliyepanga naye chumba hapa Musoma, alimtania kwamba siku akija mposaji naye atajibiwa hivyo hivyo. Boke hakucheka wala hakununa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na ganzi, jamani, haina kelele, ndiyo maana watu walidhani amepoa.

Asubuhi ile mama mdogo alipiga simu. Matanga yanaanuliwa na nguo za marehemu zinagawiwa. Je, ile sweta ya kahawia, aliyoivaa kila alfajiri akiwasha moto mpaka ikashika harufu ya moshi, amwekee au ampe mtu? Boke akatoa jibu lake lile lile, akaenda zake chuoni kuonyesha kazi ya mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa kihesabio, saketi ya kuhesabu, chenye flip-flopu nne, yaani vijisaketi vya kutunza kumbukumbu. Kila flip-flopu inashika sifuri au moja, na zote pamoja zinahesabu sifuri hadi tisa, kisha zinaanza upya. Sasa, nne hizo zina uwezo wa hali kumi na sita, kwa hiyo sita zinabaki bila kazi. Ukitaka kurahisisha mantiki, unazipiga alama ya X, maana yake haijalishi, na nyaya zinapungua. Boke alizipiga X zote wala hakuzitazama tena. Saketi yake ikawa ndogo kuliko zote darasani. Wakampongeza, na pongezi zikampita tu.

Mwalimu Nathanieli akaiwasha. Kioo cha kuonyesha namba kikatoa kidude kisicho namba. Akabonyeza kitufe cha kuhesabu, kikatoka kidude kingine. Akabonyeza tena, kikarudi kile cha kwanza, na kila alipobonyeza vikawa vinapokezana hivyo hivyo.

"Umeme ukija, flip-flopu zinaweza kuamkia popote," akasema. "Zako zimeamkia kwenye X, na hukuziwekea njia ya kutoka. Ukisema haijalishi, binti, kuna kitu kitakuamulia."

Maskini, yeye alisema ya saketi tu, habari za sweta angezijulia wapi! Boke akaingiwa na hofu, kitu cha kwanza alichokisikia moyoni tangu mazishi. Akatoka nje bila kuomba ruhusa, akapiga simu Nyamuswa.

"Mama mdogo, ile sweta naitaka. Usimpe mtu."

"Nilijua tu. Siku hizi unasemaga haijalishi kwa kila kitu." Sauti ya mama mdogo ilikuwa ya upole. "Nimekuwekea, mwanangu. Nguo ya marehemu haikai chafu, nimeifua vizuri. Moshi wote umetoka."

Boke akashukuru kwa adabu, kama mama yake alivyomfunza. Kisha akakaa kwenye ngazi za maabara, akalia mpaka Shamsia akaja kumshika.