Bibi wa Melini na Tuba ya Wistin

Asubuhi ya sikukuu ya mtakatifu wa mtaa wao, Wistin aliingia ukumbi wa bendi yao shavu limeumuka kama andazi. Jino. Alijaribu kupuliza tuba yake, lile tarumbeta kubwa la kuvikwa mwilini, ikatoa mlio wa ng'ombe mgonjwa.

"Shemeji, usinitazame hivyo," alimwambia Grezzja, kiongozi wa bendi. "Siwezi."

Grezzja alishika kiuno. Leo ndiyo leo, Valletta nzima, mji mkuu wa Malta, iko barabarani, na bendi ya mtaa wa juu, mahasimu wao tangu enzi za mababu, hawakuwa watu wa kuhitaji sababu ili wawacheke. Sembuse wakipewa!

Mlangoni alisimama bibi mmoja mfupi, kofia ya jua kichwani, anatafuna pastizzi, sambusa ya huko yenye jibini. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga mapema, na wageni walishatapakaa mjini kama siafu. Huyu hakuwa na habari na makanisa wala ngome. Macho yake yalikuwa kwenye tuba.

"Huyo bwana ana nini, mwanangu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Jino, mama."

"Pole yake. Mimi ni Eirlys, natoka Wales. Kijijini kwetu dude hilo nimelipuliza tangu sijaolewa." Akajifuta mafuta mikononi. "Mkinipa, nitawasaidia."

Wistin alicheka, maumivu na yote. "Litammeza huyu!"

"Lete, tuone nani atammeza mwenzake."

Alivuta pumzi moja tu, akapuliza, glasi za kwenye rafu zikatetemeka. Wistin akamvika mkanda kwa mikono yake mwenyewe.

Wakatoka. Vipande vya karatasi vilimwagika kutoka kwenye roshani, watu wakiimba na bia zao mikononi. Bibi alisoma noti za muziki kama anayesoma barua ya mwanawe. Penye kona wakakutana na wale wa mtaa wa juu.

"Mmeishiwa watu mpaka mnaokota watalii?" lilifoka jitu moja lililoshika bia. "Bibi, tua hilo pipa, utavunjika!"

Eirlys hakujua Kimalta, alidhani anasalimiwa. Akainama kwa heshima, kisha akampulizia sauti nene sikioni. Bia ikammwagikia kifuani, na wenzake ndio waliocheka zaidi.

Ilibaki barabara moja tu kufika uwanja wa sherehe, na bendi inayotangulia kufika ndiyo inayoumiliki jioni nzima. Hapo bibi akatazama saa yake, akabadilika rangi.

"Mungu wangu! Meli inaondoka saa kumi!"

Saa kumi ilikuwa karibu sana. Teksi haingeweza kupita, na watu walikuwa wamebanana hata panya asingepenya. Grezzja aliutazama uwanja, akamtazama yule mama. Ni kitu kimoja tu ambacho umati ungekipisha: bendi inayopiga.

"Geukeni!" alipaza sauti. "Tunashuka bandarini!"

"Shemeji, umepagawa?" Wistin alimvuta mkono. "Tuwaachie uwanja wale?"

"Wachukue. Mgeni ametusitiri, nasi tumwache analia gatini?"

Waliteremka mbio-mbio huku wakipiga, na watu wakapisha kweli, wengine wakawafuata bila kujua kuna nini. Bibi alikuwa anakimbia na kupuliza kwa pamoja, uso mwekundu kama nyanya. Walipofika, mabaharia walikuwa wanajiandaa kuondoa ngazi, na abiria waliojaa sitahani walilipuka kwa makofi. Eirlys akapanda moja kwa moja.

"Mama! Mama!" Wistin alimkimbilia. "Tuba yangu hiyo!"

Bibi alicheka hadi akayumba. Akaivua, akambusu Wistin shavuni, shavu lile lile bovu, naye akapiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo ya maji.

Meli ikajitoa taratibu. Bendi iliketi kwenye ngazi za gati, mashati yamelowa jasho, na kutoka mjini juu zilisikika ngoma za mahasimu zikitamba uwanjani.

"Basi tumeshindwa," Wistin alisema.

"Tumeshindwa," Grezzja alikubali, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Tangu siku hiyo mtaa wa juu wanawaita Bendi ya Wapagazi, kwa kuwa walimfikisha mtalii melini kama mzigo. Wakimtania sokoni, Grezzja hujibu hivi hivi, huku akichagua biringani zake: "Ndiyo, tunabeba. Ninyi mlishawahi kusindikiza nani?"